Maneno Ambayo Mmarekani Hakuyaandika

Kama ningeufunga mdomo wangu kwa muda wa pumzi tatu tu, Nyaboke asingenitazama vile alivyonitazama. Nimezeeka sasa, na bado nikiukumbuka mtazamo ule nasikia aibu ikinipanda shingoni.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na mbili, barazani kwa baba yake, Mzee Angwenyi, juu ya kilima kimoja upande wa Marani. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa mabati katika kijiji chao. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, asiyeonja pombe, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Hakujua kusoma hata wakati alipokuwa akiona. Lakini kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula, alisomewa habari za Amerika.

Msomaji alikuwa binti yake. Nyaboke alikuwa akifanya kazi kwa mke wa mishonari mmoja Mmarekani, akiwafundisha wasichana kushona, na mama yule alimpa magazeti ya mji wa kwao huko Ohio, yaliyofika kwa meli yakiwa na umri wa miezi miwili. Ndani yake aliandika bwana mmoja aliyeitwa Pruitt. Pruitt alipenda mambo ya kale yaliyonyooka: kanisa, shamba, mtu kula jasho lake, na serikali isiyotia pua katika chungu cha mtu. Alimchukia Mrusi, na aliwachukia zaidi wakubwa wa Washington. Mzee Angwenyi alimpenda Pruitt kama ndugu aliyetiwa naye jando siku moja. Alimwita Omogaka Pruitt, yaani Mzee Pruitt, na alizungumza habari zake sokoni kana kwamba mtu huyo alikaa ng'ambo ya mto.

Nyaboke alikuwa akikisoma Kiingereza kwa macho na kukitoa mdomoni kwa Kikisii. Nilipoanza kufika mimi, wakahamia Kiswahili kwa heshima ya mgeni.

Mimi ni Otiende, mtu wa ziwani, Mjaluo. Siku zile nilikuwa fundi wa baiskeli katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii. Mara nne kila wiki nilikwenda shule ya jioni, na nilikuwa nimefika kitabu cha nne cha Kiingereza, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu analijua. Nilikuja kwa Mzee Angwenyi kutengeneza breki, nikasikia gazeti likisomwa, nikaomba ruhusa ya kusikiliza ili nijifunze.

"Kusikiliza hakumalizi maneno," alinijibu. "Kaa."

Hiyo ilikuwa miezi kumi na mmoja nyuma. Mwezi wa kwanza nilifuata Kiingereza. Miezi iliyobaki, nikisema nilifuata Kiingereza, Mungu ananisikia.

Nilikaa naye benchi moja ili niyaone maandishi. Kidole chake kilitembea chini ya mstari, nami nilikifuata kidole kuliko mstari. Akikwama kwa neno gumu, kidole kilisimama, akageuza uso kidogo, na macho yetu yakakutana kwa muda wa kupepesa. Hatukuwahi kushikana hata mkono. Mara moja tu, alipokuwa akinisindikiza mpaka langoni, alisema bila kunitazama, "Mtu akiniuliza mimi, nitasema ndiyo. Lakini mimi siye wa kuulizwa. Ni Tata." Tata ni baba kwa Kikisii.

Basi shida ilikuwa huyo Tata. Kwa Wakisii, msichana haolewi mpaka esigani aende, yule mshenga wao, akalitazame boma la mvulana na kuuliza majirani kama watu wale wana ugomvi, uchawi au uvivu. Na baba asiyekusudia kumtuma mtu kwenu hakuulizi kwenu ni wapi. Kwa miezi kumi na mmoja Mzee Angwenyi aliniuliza habari za minyororo, za mipira, za bei ya pampu. Habari za kwetu hakuuliza hata siku moja.

Na alikuwako Jethro. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, Mkisii safi, mwenye kofia na kalamu mbili mfukoni. Esigani wake alikuwa Ondieki, mzee mcheshi aliyekuwa askari zamani, rafiki wa Mzee Angwenyi tangu utoto. Maneno yao yalikuwa yamekaribia kukomaa.

Jumapili ile wote walikuwa barazani. Wingu la kila alasiri lilikuwa limejaa juu ya migomba. Mama Bathsheba, mama yake Nyaboke, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga za saga.

"Soma, binti," alisema Ondieki. "Tujue kama Pruitt amemkubali Jenerali wangu."

Gazeti lilikuwa la mwezi wa saba, na lilieleza mkutano mkubwa wa Chicago, ambako chama cha Pruitt kilichagua mtu wa kugombea urais. Pruitt na Mzee Angwenyi walimtaka Seneta Taft. Ondieki alimtaka Jenerali Eisenhower.

"Hatamkubali," alisema Mzee. "Askari amezoea kuamuru. Rais ni mtu wa kuketi na wazee na kuvumilia harufu zao."

"Mimi nilikuwa askari na ninaivumilia yako."

"Wewe ulibeba sufuria za jeshi, Ondieki. Usijihesabu na majenerali."

Watu wakacheka. Nyaboke akaanza. Alisoma jinsi ukumbi ulivyojaa moshi na kelele, jinsi watu wa Texas walivyogombea viti, makundi mawili kila moja likidai ndilo lililotumwa. Alisoma vizuri, sauti yake ikipanda na kushuka, hata ungemwona Pruitt mwenyewe akijifuta jasho. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya fimbo.

Jethro akaniinamia. "Na wewe wa shule ya jioni," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "unaelewa hapo, au unahesabu picha?"

"Naelewa," nikasema.

"Neno moja kwa kumi, sivyo?"

Ondieki akacheka. Nikasikia masikio yanawaka. Nyaboke alikuwa bado anasoma:

"'Na katika ukumbi ule,' anasema Pruitt, 'nilimwona mzee ambaye babu yake alitoka Ujerumani, amekaa na mkewe ambaye babu yake alitoka Ireland. Watu wao walipigana na kutukanana miaka mingi. Lakini baba wa msichana hakuuliza kijana ametoka ng'ambo ipi ya maji. Aliuliza kama anafanya kazi na kama anamwomba Mungu. Na nyumba ile imesimama miaka arobaini.'"

Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Nilitafuta Ujerumani. Nilitafuta Ireland. Kidole chake kilikuwa kimesimama mahali panaposema habari za joto na feni.

"Neno moja kwa kumi?" nikamgeukia Jethro. "Mwalimu, mimi nafuata kila neno. Hata naweza kukuambia kwamba hayo aliyosoma sasa hivi hayamo."

Nikayasikia maneno yangu yakianguka. Na hapo tu ndipo nilipoelewa Mjerumani yule alikuwa nani, na kijana wa ng'ambo ya maji alikuwa nani.

Nyaboke akanitazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale bado. Yalikuwa ya mtu aliyekuwa akikuvusha mto, ukaachia mkono wake katikati ya maji ili uwapungie watu wa ukingoni.

Mzee Angwenyi aliinua kichwa. "Hayamo?"

Nikainamia gazeti.

"Nyaboke. Yamo, au hayamo?"

"Hayamo, Tata."

"Nani aliyasema?"

"Mimi."

Mama Bathsheba aliacha kuchambua mboga.

"Ni mara ya kwanza?" Mzee aliuliza, polepole sana.

"Hapana, Tata."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Mzee alinyoosha mkono kuelekea kwangu bila kuniona. "Wewe unayejua kila neno. Nisomee mwisho wake. Kama ulivyo. Mwalimu atakuangalia."

Jethro akaja akasimama nyuma ya bega langu. Nyaboke akaniachia gazeti bila kugusa vidole vyangu. Nilisoma: Pruitt anasema moyo wake ulikuwa kwa Seneta na haujaondoka kwake. Lakini mwezi wa kumi na moja atampigia Jenerali kura, kwa maana aliyeshindwa katika baraza la kwao haendi kulala kwa adui.

"Na hilo nalo ni la Nyaboke?" Mzee aliuliza, na nadhani alitamani nijibu ndiyo.

"Hapana, Mzee. Hilo ni la Pruitt mwenyewe."

"Ni lake," Jethro akathibitisha.

Ondieki alifungua mdomo ashangilie, akamwona rafiki yake, akaufunga. Katika saa moja Mzee Angwenyi alikuwa amepoteza watu wawili aliowaamini. Alisimama, akatafuta ukuta kwa fimbo.

"Tokeni," alisema. "Wote. Nendeni kabla ya mvua."

*

Mvua haikutungoja. Nilikuwa nasukuma baiskeli kwenye tope chini ya migomba niliposikia hatua. Nyaboke alikuwa amejifunika gunia kichwani.

"Nyaboke, nisamehe. Sikujua."

"Hukujua?" Sauti yake ilikuwa chini, na afadhali angepiga kelele. "Umekaa kando yangu karibu mwaka mzima. Unakijua kidole changu kikikwama. Leo kimesimama palepale, hakisogei, na hukujua?"

"Yule mwalimu alinicheka mbele ya..."

"Alikucheka. Basi ukanichukua mimi ukamtupia kama jiwe."

Nikaegemeza baiskeli kwenye mgomba.

"Niambie, Otiende. Ulikuwa unataka kumshinda Jethro, au kunipata mimi? Maana hizo ni njia mbili."

"Kukupata wewe. Nitarudi kwa Mzee. Nitasema nilikosea kusoma, nitasema Kiingereza changu ni kidogo, maneno yalikuwamo..."

"Usithubutu!" Akanishika mkono wa shati, mara ya kwanza kunigusa. "Uongo wangu umeshatosha nyumba ile. Tata ameketi gizani, anarudia maneno ya Pruitt moja moja, hajui lipi la nani. Amegombana na watu kwa maneno yale. Amemjibu chifu kwa maneno yale." Machozi yalichanganyika na mvua. "Umeonyesha kwamba unajua kweli. Sasa uishikilie, hata ikiniunguza. Ukilegea nitakudharau."

"Na Jethro?"

"Tata amewaita Jumapili ijayo. Wewe, na Jethro, na Ondieki. Amesema magazeti yote yatolewe sandukuni." Akaachia shati langu. "Baada ya hapo ataamua nitakwenda wapi."

Akageuka akapanda kilima. Nilisimama palepale mpaka maji yakaingia viatuni.

*

Sijawahi kuendesha baiskeli njia ya Marani kwa miguu mizito kama Jumapili iliyofuata. Nilikuta magazeti yamepangwa mezani, arobaini na zaidi. Jethro alikuwa amekuja na kalamu tatu. Nyaboke alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, mbali na benchi, mikono juu ya magoti. Hakunitazama.

"Mimi sioni, na sikusoma," Mzee Angwenyi alianza. "Lakini sisahau. Nitasema neno nililosomewa, na mwezi wake. Kijana wa ziwani atalitafuta. Mwalimu atalitafuta. Mkikubaliana, nitajua. Nataka kujua mwaka huu nimemwamini nani."

Tukaanza.

"Serikali ya Amerika ilinunua viazi vya wakulima, ikavipaka rangi ya buluu ili watu wasivile."

Nilipekua. "Limo, Mzee."

"Limo," Jethro akasema.

"Ashukuriwe Mungu," alisema Ondieki. "Hilo nimelisimulia mpaka Birongo. Walisema nimelewa."

"Nyamaza. La pili. 'Mtu akilishwa na serikali, mikono yake husahau jembe kabla tumbo lake halijasahau njaa.'"

Nilisoma ukurasa mzima, nikausoma tena. Nililitaka neno lile liwemo. Nilimwona Nyaboke akikaza vidole.

"Halimo, Mzee."

"Halimo kabisa!" Jethro alisema, na kalamu yake ikaweka alama.

Shavu la Mzee lilicheza. "La tatu. La vita vya Korea. 'Vita ambavyo wakubwa hawataki kuvishinda wala kushindwa, anayevipigana ni mama nyumbani.'"

Neno hilo nililikumbuka. Mzee alilisema kwenye baraza la chifu, na mwanamke mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amepelekwa vita vya Malaya na jeshi la King's African Rifles alilia mpaka akashikwa mabega. Tangu siku ile alimletea Mzee ndizi kila mwezi.

Pruitt aliandika mengi kuhusu Korea. Aliandika habari za jenerali mwingine aliyefukuzwa kazi kwa sababu alitaka kushinda. Aliandika idadi ya ndege. Mama hakuwamo.

"Halimo, Mzee."

"Halimo," Jethro aliimba. "Mzee, hili ni jambo kubwa. Mtoto anayeweza kumdanganya baba yake hivi..."

"Sijakuuliza hivi wala vile, mwalimu. Nimekuuliza limo au halimo." Mzee aliinua vidole vinne. "La nne. 'Asiyeweza kusema na mke wake bila kumfokea, asipewe nchi.'"

Ondieki akakohoa. Majirani wote walijua kwamba kabla ya mwaka ule sauti ya Mzee Angwenyi ikimwita mkewe ilisikika mpaka kisimani, na kwamba baadaye haikusikika tena.

Tulitafuta muda mrefu. Mvua ilianza juu ya mabati, tukalazimika kungoja, maana hapakuwa na mtu anayeweza kusikia mwenzake. Tuliketi hivyo, watu sita, kelele kubwa juu ya vichwa, na hakuna aliyejua aweke macho yake wapi. Nilimtazama Nyaboke, naye safari hii akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo kumwambia kwamba nimeangalia, na halimo. Akafumba macho mara moja, kama mtu anayesema, basi liseme.

Mvua ikapungua.

"Halimo, Mzee."

"Halimo," alisema Jethro. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua furaha, kama mtu anayeteremka ngazi na kuhisi moja haiko.

Kutoka mlangoni Mama Bathsheba akasema, "Hilo mimi nililijua zamani. Pruitt atanijulia wapi?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya mkewe. "Ulijua ukanyamaza?"

"Niseme nini, baba Nyaboke? Nilikuwa nastarehe."

Ondieki alicheka mpaka akapiga goti. Mzee hakucheka.

"Mwalimu," alisema. "Nisomee yale ambayo ni ya Pruitt. Mwezi wowote."

Jethro akasafisha koo na kusoma. Alisoma habari za daraja la mto wa Ohio na nani achaguliwe kulisimamia. Alisoma habari za ushuru wa vyuma. Alisoma barua ya Pruitt kwa gavana, aya tisa, kuhusu taa za barabarani. Alisoma sawasawa, kila neno mahali pake, na Ondieki akaanza kusinzia.

"Inatosha." Mzee alipapasa magazeti mezani. "Mwaka mzima nimewajibu watu sokoni kwa maneno ya mtoto wangu."

"Na uliwashinda," alisema Ondieki akizinduka.

"Niliwashinda." Ilikuwa kama kukiri kosa. Kisha akapiga fimbo sakafuni na sauti ikawa ngumu. "Lakini simama, Nyaboke. Usidhani nimelainika. Jembe, vita, mke, hayo ulimpa Pruitt kwa faida ya kila aliyesikia. Lile la Mjerumani ulimpa kwa faida yako mwenyewe. Hapo ndipo ulipoiba. Ulitaka Mmarekani aje aniombe kitu ambacho wewe uliogopa kuniomba."

"Ndiyo, Tata."

"Mimi ni mtu wa kutisha hivyo?"

"Ndiyo, Tata."

Kuku waliokuwa wakipekua chini ya ukingo wa paa walionekana kungoja.

"Basi liseme sasa. Bila gazeti. Bila Pruitt."

Nyaboke alisimama katikati ya baraza. Nilidhani atalirudia lile neno zuri la babu wa Ujerumani. Hakulirudia.

"Tata, namtaka Otiende. Najua ni Omogere, mtu wa ziwani, na najua hawapiti jando kama sisi, na najua wazee watakucheka. Hana shule ya mwalimu. Kila Jumapili anapanda kilima hiki kwa baiskeli akiwa amefanya kazi siku sita, na usiku anasoma. Ana majivuno. Juzi aliniumiza. Ukinipa kwa mwalimu nitakwenda, sitakuaibisha. Lakini umesema nisitumie mdomo wa mtu, na mdomo wangu ndio huo."

Jethro alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mzee," alisema, "Ondieki ameshazungumza nawe mara tatu kwa niaba yangu..."

"Alizungumza. Sikujibu." Mzee alinigeukia. Macho yale meupe yalitafuta mahali nilipo yakakosea kidogo, yakatua begani kwangu. "Wewe. Jumapili ile uliona kwamba Pruitt hakusema vile. Kwa nini ulisema?"

Hapo palikuwa na jibu zuri, na lilikuwa karibu sana na ulimi. Ningesema, kwa sababu ya ukweli, Mzee. Mtu kama yeye angelipenda jibu hilo kuliko asali. Nilimwona Nyaboke akiningoja.

"Kwa majivuno, Mzee. Mwalimu alinicheka, nikataka kuonyesha kwamba najua."

"Si kwa ajili ya kweli?"

"Hapana. Ningependa kukuambia hivyo. Kweli nimeishika leo, na leo imenichoma. Siku ile yalikuwa majivuno tu."

"Na kama angekuwa mtu mwingine aliyedanganya, si mwanamke unayemtaka?"

"Ningesema vilevile. Nilikuwa mjinga kwa wote."

Ondieki akavuta pumzi kwa meno. Mzee Angwenyi aliweka fimbo kati ya miguu, akaegemeza kidevu juu yake. Nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye mabati, moja baada ya jingine. Nikawaza njia ya kurudi Kisii. Nikawaza jinsi nitakavyoipitisha siku ya Jumapili maisha yangu yote bila kilima hiki.

"Omogere," akasema hatimaye.

"Naam, Mzee."

"Mtu akitoka hapa alfajiri kwa miguu, kwenu anafika saa ngapi?"

Jethro akavaa kofia yake. Mama Bathsheba akajifunika mdomo kwa leso. Ondieki akaanza kutazama miguu yake mwenyewe kwa mashaka. Nami, niliyejisifu kwamba nafuata kila neno, nikafungua kinywa na hakikutoka kitu.

"Saa tisa, Tata," alisema Nyaboke. "Akipitia Suneka."